Mkono wa Gauni la Mama

Nyumbani, nyuma ya duka la viatu,
Jumatano, tarehe kumi na moja.

Mpendwa Dada yangu mkubwa,

Salamu kwanza, mengine yafuate. Hujambo wewe? Mumeo hajambo? Na hilo goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Tafadhali Dada, usilifanyie ubabe. Lipake dawa ulale, vyombo vitaoshwa na waliokula. Halafu unakula vizuri? Kwenye ile picha ya mwisho niliona mashavu yako yameingia ndani, nikakosa raha wiki nzima. Mume wangu akasema ni mwanga wa kamera tu. Mimi mambo ya mwanga siyajui, ila mashavu nayajua.

Sisi huku wazima. Mume wangu hatimaye kang'oa lile jino, na kwa kelele alizopiga ungedhani wameondoka na taya nzima. Baba hajambo. Bado anaamka kabla yetu sote, bado analaza suruali zake chini ya godoro ili zinyooke, na bado akiona mgeni ana kifungo kinaning'inia hatulii mpaka kishonwe, hata kama mgeni mwenyewe kaja kuaga.

Mwandiko wangu utauvumilia. Unajua shule niliiachia wapi. Lakini hii habari nimeona niiandike polepole, ukae nayo, na ukitaka kucheka tena uirudie.

Basi sikia. Mwanao Kasuku katoa kitabu kipya! Yule binti yangu tuliyempa jina hilo kwa kutofunga mdomo utotoni, siku hizi maneno yote kayahamishia kwenye karatasi. Maboksi yaliletwa Jumatatu ya wiki iliyopita, sebule nzima ikanuka karatasi mpya na gundi. Nilikishika kitabu nikakigeuza mbele na nyuma, nikakinusa, nikakiweka, nikakichukua tena. Kinaitwa "Mteja wa Jumamosi". Juu wamemchora mwanamke wa zamani kavaa gauni refu, katupa mgongo, na ile shingo, Dada, ni yako kabisa.

Wewe unavijua vitabu vyake vingine. Mapenzi ya enzi za kale, taa za mafuta, mabwana wanaovua kofia kabla ya kusema neno, wanawake wanaozimia. Kwenye saluni ya hapa mtaani vinaazimwa mpaka majalada yanang'oka. Lakini hiki ni tofauti. Hiki kimetoka humu humu ndani kwetu.

Unaikumbuka hadithi ya Mama ya gauni? Ile aliyokuwa akitusimulia akitusuka nywele, kwamba Baba alipokuwa bado anajifunza ushonaji kwa yule fundi mkali alimshonea gauni, na kila Jumamosi mkono wa gauni unafumuka kwenye kwapa, naye Mama analirudisha. Eti Baba alikuwa anashona vibaya makusudi ili mteja arudi! Mama alikuwa akifika hapo anacheka mpaka anatuvuta nywele. Na Baba kimya, kauma uzi, kainamia cherehani yake kama si yeye anayesemwa.

Kumbe mjukuu naye alikuwa akisimuliwa, enzi hizo anakaa kwenye kizingiti cha jikoni akimsubiri bibi yake amalize kumenya viazi. Akaiweka moyoni miaka yote hiyo. Sasa kaitoa kitabu kizima, na mengine kajazia mwenyewe. Yule fundi mkali kampa hasira za mwalimu mkuu wake wa zamani. Mteja kampa kicheko chako, kile cha kuanza bila sauti. Nilikijua palepale.

Sasa Dada, hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Baba! Unajua alivyo tangu tulipomzika Mama. Hamtaji. Ukimtaja wewe, anainuka kwenda kuangalia kama geti limefungwa. Na unajua alivyo na kazi yake. Mtu ambaye mpaka leo watu wazima wanamsimamisha barabarani wakimwonyesha koti alilowashonea ujanani. Leo mjukuu wake anakwenda kutangazia dunia kwamba alikuwa akiharibu vitambaa vya wateja!

Na si hilo tu. Kuna sura moja humo, ya stoo ya vitambaa. Mimi nasoma kwa kidole, unanijua, na midomo inacheza. Nilipofika pale kidole kikasimama chenyewe. Kijana ana futi ya kupimia shingoni, msichana kaegemea majora ya vitambaa, mlango umerudishwa... Dada, niliinuka nikanywa maji. Yule ni baba yangu mzazi!

Nikamwambia Kasuku, mama, babu yako umemuuliza? Akasema hapana, anataka ajue siku yenyewe ya sherehe ya kuzindua kitabu, asubuhi apewe nakala, kisha asikie mbele ya watu, kwa sababu kitabu amekiandika kwa ajili yake na jina lake limewekwa ukurasa wa kwanza. Kisha akashika mikono yangu akasema, "Mama, Babu akikikataa hiki, sijui kama nitaandika kingine." Na kakonda, chakula hakimshuki. Nikawaza, mzee akiinuka katikati ya ukumbi akatoka, mwanangu nitamwokota vipande vipande.

Basi nikafanya akili yangu ya kishamba. Kasuku alikuwa ameacha nakala ya Baba mezani, akampe asubuhi ya sherehe. Alipokwenda kutengeneza nywele nikachukua sindano na uzi mweupe, nikaipiga bandi, ule mshono wa kushikiza tu, ile sura yote, pembeni mwa kurasa, mwanzo hadi mwisho wake. Nikajipa moyo kwamba atadhani imetoka hivyo kiwandani.

Mume wangu akanikuta nakata uzi. Akasimama, akanitazama, akatazama kitabu.

"Mke wangu," akasema, "yaani umeona umfichie fundi cherehani kitu kwa kukishona?"

"Nyamaza, jino lako litavimba."

"Hata mimi nisiyesoma vitabu, sasa nataka kusoma hapo tu!"

Nikataka kufumua, lakini Kasuku akawa keshaingia na nywele zake, amependeza, nikakirudisha mezani haraka.

Asubuhi Baba akapewa zawadi yake, akaenda kukaa nacho kibarazani. Mimi nikajifanya naosha sufuria pale dirishani, sufuria ileile moja. Nikamwona anavaa miwani. Akasoma jina lake pale mwanzo, akalipitishia kidole. Akafunua, akafunua. Halafu dole gumba likasimama.

"Nani kapiga bandi hapa?"

Kasuku alikuwa bafuni, ashukuriwe Mungu.

"Wewe wa dirishani, nakuuliza. Mkono wako naujua. Bado unavuta uzi mno, karatasi imekunjamana."

"Baba, nadhani ni kiwandani..."

"Kiwandani! Niletee wembe."

Nikampelekea. Akafumua mshono mmoja mmoja bila kuchana hata ncha ya karatasi, na uzi akauzungushia kidoleni usipotee. Kisha akasoma. Akasoma mpaka wali ukaungua, mpaka jua likamfuata kwenye kiti akahamisha kiti, akaendelea kusoma. Alipomaliza akakifunga, akavua miwani, akaniambia kitu kimoja tu: nimpigie pasi koti la kijivu.

Hakucheka, hakununa. Njia nzima kuelekea sherehe mimi nikawa nasali kimoyomoyo.

Sherehe ilifanyika ukumbi wa maktaba. Watu walijaa, Dada! Wale wa saluni wote, walimu wake wa zamani, majirani, na yule mama mchapishaji mwenye hereni kubwa. Baba akakaa mbele na fimbo yake katikati ya magoti. Kasuku akasimama. Akaeleza kitabu kilivyomjia, kizingiti cha jikoni, bibi yake na viazi, na kwamba mtu anaweza kuandika juu ya malkia wa mbali miaka mingi asijue malkia alikuwa anamenyea viazi karibu naye. Watu wakapiga makofi. Kisha akaanza kusoma, na katika sura zote akachagua ile ambayo mkono wa gauni umefumuka tena, na fundi mkali anamfokea kijana mbele ya mteja.

Fimbo ikagonga sakafu.

"Mchumba," Baba akasema, maana mjukuu wake huyo humwita hivyo tangu anatambaa, "simama kidogo. Hapo umekosea."

Nikamfinya mume wangu paja mpaka akaguna. Uso wa mwanangu sitausahau.

Baba akainuka taratibu, akaigeukia hadhara. "Mimi sikuharibu mkono ule. Sijapata kuharibu mshono maishani mwangu. Aliyekuwa akifumua ni bibi yako."

Watu wakaangaliana.

"Uzi ukikatika wenyewe kwa kuchoka, ncha yake inatoa manyoya," akasema. "Ule ulikuwa umekatwa. Ncha safi. Msichana alikuwa akifika nyumbani anachukua wembe, anafumua mshono wangu, Jumamosi ananiletea na sura ya huzuni. Nikauona uzi mara ya kwanza, nikaelewa. Nikashona upya."

Yule mama wa hereni akashindwa kujizuia. "Na bosi wako alipokufokea, mzee?"

"Alinifokea sana."

"Sasa kwa nini hukumwambia ukweli?"

Baba akamtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Nimwambie, halafu amkataze kuja?"

Weee! Ukumbi ulilipuka. Wale wa saluni walipiga vigelegele mpaka mtunza maktaba akasahau kazi yake, naye akapiga. Kasuku akawa analia na kucheka kwa pamoja, akauliza, "Babu, na Bibi alijua kwamba unajua?"

Baba akaigeuza fimbo yake mkononi. Nikasema moyoni, sasa ataondoka kwenda kuangalia geti. Hakuondoka.

"Siku tulipooana," akasema, "nilimpa wembe mpya, nimeufunga kwenye karatasi ya zawadi. Alicheka mpaka akakaa chini na nguo zake za harusi. Kisha akazaa, akaenda kuwaambia wanangu ni mimi niliyeharibu. Nikamwachia. Alikuwa anafurahi sana akisimulia."

Dada yangu, miaka yote ile! Tunamcheka Baba, yeye kauma uzi wake, na hatia si yake.

Kasuku akafuta macho akasema atakirekebisha kitabu, toleo lijalo litasema ukweli. Baba akakataa kwa fimbo. "Usiguse hata neno moja. Hivyo ndivyo alivyopenda isimuliwe." Akataka kukaa, msusi mmoja wa saluni akapiga kelele kutoka nyuma, "Na ile ya stoo je, Babu?"

Baba akanyoosha koti lake. "Hapo mwandishi kapatia."

Mimi nilijifunika mtandio uso mzima. Mume wangu alicheka mpaka lile pengo la jino likaonekana hadi safu ya nyuma. Vitabu vikagombaniwa. Kasuku aliporudi nyumbani alikula sahani mbili, na jana nimemwona tena na karatasi zake, anaanza kingine.

Lakini lililonifanya nishike kalamu, Dada, ni hili. Tangu siku hiyo Baba anazungumza. Anamtaja Mama kwenye chai, anamtaja akivaa viatu. Leo kaniambia kwamba Mama aliogopa vyura, mimi nilikuwa sijui! Anatoa moja, ananyamaza, anatoa jingine. Na jana mezani akauliza ghafla, "Mkubwa anayajua haya?" Mkubwa ni wewe. Nikasema hapana. Akasema wewe ulilelewa chini ya cherehani yake, kwenye kapu la vipande vya nguo, Mama akishona vifungo pembeni, na kuna mambo ya Mama na wewe ya miaka hiyo ambayo hajamwambia mtu. Nikasema basi mpigie. Akasema, "Nitaanzaje?" Akatazama pembeni.

Kwa hiyo mpigie wewe. Najua mkipigiana huwa ni hujambo, sijambo, presha inaendeleaje, basi. Safari hii usimuulize presha. Muulize habari za Mama, halafu unyamaze usikilize, hata akikawia. Anajifanya anatengeneza redio, lakini kiti kakisogeza karibu na simu.

Nisalimie mumeo, wanao wote, na yule mkweo mcheshi. Mume wangu anawasalimu, Kasuku anambusu Mama Mkubwa wake na nakala yako tumeshaitia sahihi, haina hata uzi mmoja. Mungu akuponye goti, akujazie mashavu, akupe jioni ndefu isiyo na shughuli, maana Baba ana mengi ya kukwambia.

Nami ni yuleyule mdogo wako, ninayekupenda na kukuwazia kila siku,

Mama Kasuku