Siku Mto Uliporudi Nyuma

Doonside, Sydney

Mjukuu wangu Rehema,

Pokea salamu za bibi yako. Huku sote wazima. Mama yako bado anawahi treni ya alfajiri kwenda hospitali, na wadogo zako nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza.

Umeuliza tulisafirije kwetu delta ya Rufiji bila barabara wala mashine. Nchi ile ni tambarare mno, mjukuu wangu, hata bahari ikijaa huusukuma mto urudi ulikotoka.

Siku ya mtihani wangu wa kuingia sekondari, ilinipasa kufika shule iliyoko upande wa juu wa mto kabla ya adhuhuri. Nikichelewa, masomo yamekwisha. Asubuhi maji yalikuwa yakipwa, mto ukishuka kwa nguvu. Binamu yangu Shabani, mtahiniwa mwenzangu, alitangulia na mtumbwi wake, akipambana na mkondo kwa kafi.

"Ninyi kaeni mpike uji!" alitucheka.

Mama akapika uji kweli. Mimi nalia, yeye anakoroga. Kisha majani yaliyokuwa yakielea yakasimama, yakaanza kupanda mto. Akaipakia sufuria mtumbwini.

"Haya, twende."

Maji yalitubeba. Kwenye kona tukamkuta Shabani kashikilia mkoko, hoi.

"Karibu uji, mwanangu," mama alimwita. "Bado una moto!"

Tuliufunga mtumbwi wake kamba, tukamvuta. Tulifika kabla ya adhuhuri, nikawa wa kwanza kuingia mtihanini, mikono imepumzika. Nilifaulu, Rehema! Shabani naye alifaulu, na mpaka leo akinipigia simu huanza kwa kuuliza kama uji umeiva.

Akupendaye,
Bibi