Mifupa Ndani ya Dawa

Buyenzi, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Asalamu aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Kasongo, mguu umepoa na Baba anapata usingizi. Mimi mwili mzima, ila uso sina. Ndiyo maana sikupiga simu.

Bibi Mwajuma, rafiki yako uliyenikabidhi kwake, alianguka jikoni wiki iliyopita. Presha ilipanda. Sasa yuko nyumbani, anatembea kwa kushika ukuta. Mama, aliyemwangusha ni mimi, kwa mdomo wangu.

Unajua kazi yangu ya maabara, kutafuta dawa mpya. Dawa nyingi, ukizichunguza ndani, zina umbo moja la msingi. Wanakemia hulirudia umbo hilo tena na tena, wakibandua kipande hiki na kubandika kile, na dawa ya presha ikazaa dawa ya ugonjwa mwingine. Kwa Kifaransa tunaliita squelette, yaani mifupa ya mwili. Basi jioni moja tukila, Bibi aliniuliza nashinda nafanya nini huko. Kwa kujiona kwangu, nikachukua kidonge chake cha presha nikamwambia humu ndani mna mifupa, na mifupa hiyo hiyo imo katika dawa chungu nzima. Akasema mashallah, akaniongezea mchuzi.

Tangu siku hiyo hakumeza tena. Riziki, binti yake, alivikuta vidonge vimefungwa kwenye kitambaa. Nilipomuuliza Bibi sababu, aliangalia pembeni.

"Ulisema mu kidonge muko mifupa. Mi nitajuwaje ni ya nyama gani, ao nani aliichinja?"

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Niliona haya, mwanangu. Ulikuwa unafurahi sana."

Aibu niliyoipata, Mama, sijui niiweke wapi. Nilimweleza upya kwamba hakuna mnyama humo, ni jina la umbo tu, kama shasi ya gari ambayo mafundi wa mtaani hapa huivalisha bodi nyingine. Akaitikia ndiyo, ndiyo, kama anayembembeleza mtoto.

Nisalimie Baba, na Shangazi mshonaji, na kaka yangu wa dukani. Hao usiwaambie. Bibi naye anakusalimu, na wala hakunishtaki kwako.

Leo asubuhi nilimpelekea kidonge na maji. Alikishika kiganjani, akanitazama.

"Kama ni zambi, Mungu atakuuliza we."

Akasema bismillahi, akameza.

Mwanao,
Saidi