Siku Kumi na Mbili bila Nafisa

Jumatatu, 16 Juni 2025

Wamemchukua Nafisa.

Saa nane mchana nilikuwa kwenye atelier, karakana yangu, napiga randa. Kasonde, jirani yangu, akaja mbio: "Papa Nafisa, kuya! Bantu ba affaires sociales beko kwako!"

Ni kwa sababu ya Jumamosi. Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Nilimfungia ndani. Mtoto wa miaka sita! Mke wa Kasonde, anayemwangalia siku zote, alikuwa amekwenda kwenye matanga Kipushi, na mimi nilikuwa na milango ya kupeleka Ruashi. Nikamwachia bukari na samaki, nikatia kufuli kwa nje. Nilisema masaa mawili tu. Gari likaharibika. Narudi saa kumi — kufuli limevunjwa, Nafisa yuko kwa majirani, sauti imekauka kwa kulia.

Tangu mama yake afariki sijawahi — hapana. Niliwahi, mara moja nyingine. Basi mara mbili.

Madame Brigitte, assistante sociale aliyekuja na gari la ustawi wa jamii, hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema mtoto atakaa kwenye kituo cha watoto mpaka juge, yaani hakimu, asikilize kesi. Nafisa alipanda gari bila kulia. Alidhani tunakwenda wote.

Jumanne, 17 Juni

Nimemwona! Getini pa kituo walinikatalia, nikakaa chini ukutani na baridi yote hii, mpaka Madame Brigitte akafika na kuniingiza. Dakika kumi. Amekula, amelala katikati ya wasichana wawili, amesukwa nywele. Kaniuliza: "Papa, umekula?" Nikasema ndiyo. Uongo.

Moyo umetulia kidogo. Hakuna aliyemgusa, hakuna anayemtukana.

Lakini kuna karatasi. Ukurasa mzima wa Kifaransa, na Kifaransa changu ni cha kupima mbao na kuuza kiti. Madame Brigitte anasema ni formalité, utaratibu tu, nitie sahihi chini. Kalamu nilikuwa nimeishaishika. Sijui nini kilinizuia. Nikasema nitarudi.

Kasonde ananiona mjinga. Anasema ukibishana na serikali, mtoto anakawia huko. Labda. Kama ni kweli, ni mimi ninayemcheleweshea mwanangu.

Alhamisi, 19 Juni

Nyuma ya parokia kuna ofisi ya bure ya msaada wa sheria. Sijawahi kuingia pale, sisi si watu wa kanisa. Hakuna aliyeniuliza nasali wapi.

Nimepokelewa na wakili, Maître Régine. Mwanamke mfupi, anakula karanga huku anasikiliza. Nilimweleza yote, na ile mara ya kwanza pia. Nilifikiri atanifukuza. Alisema tu: "Ile ni kosa, Papa Amadi, na utaisema wewe mwenyewe, usingojee bakuseme." Halafu akanieleza taratibu, kama mtu anayeonyesha njia ya sokoni. Nina haki ya kujua ninashitakiwa nini. Karatasi nisomewe kwa lugha ninayoisikia kabla sijaweka mkono. Naweza kuja na mtu wa kunisimamia. Juge anisikilize kabla hajakata, na akikata vibaya kuna wakubwa juu yake wa kukatia rufaa.

Nikamuuliza, na Madame Brigitte hatakasirika? Akacheka. "Iko kazini. Na mutoto naye iko na haki, tena yake inapita yako. Hiyo usisahau."

Nimetoka pale mzigo umeshuka mabegani. Jioni nimekula sahani mbili.

Ijumaa, 20 Juni

Karatasi imesomwa! Maître Régine alikaa kando yangu, Madame Brigitte akasoma mstari kwa mstari, akitafsiri. Mstari wa saba: baba amekiri kwamba hawezi tena kulea, na anakubali mtoto abaki kituoni "mpaka uamuzi mwingine".

Mimi? Nilikiri lini?

Madame Brigitte aliinama. Akasema ni fomu ile ile wanayowapa wazazi wote, hakuiangalia vizuri. Nadhani ni kweli. Ana mafaili yamejaa mpaka dirishani, na viatu vyake vimeisha kisigino. Aliufuta ule mstari mbele yetu. Akanipa nafasi chini niandike mwenyewe, kwa Kiswahili. Niliandika: Nilimfungia mara mbili. Ni kosa langu. Sijamwacha, wala sitamwacha.

Hapo ndipo nikatia sahihi.

Jumanne, 24 Juni

Madame Brigitte amekuja nyumbani. Kaangalia kitanda, choo, na mbabula, jiko la makaa, nilivyoiweka mbali na kitanda. Kazungumza na mke wa Kasonde, ambaye amesema yeye akipata safari nimpeleke Nafisa kwa dada yake, si mbali. Kwa nini sikuuliza mapema? Aibu. Sikutaka kuomba watu.

Ripoti yake Madame Brigitte kanisomea kabla ya kuondoka. Iko sawa. Hata ile sehemu inayoniuma iko sawa.

Ijumaa, 27 Juni

Mahakamani juge alimsikiliza Nafisa kwanza, mimi nje. Nusu saa! Halafu nikaitwa. Swali lake la kwanza: "Siku ile, kama nyumba ingeshika moto?" Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Yote yakapotea. Nikasema: "Angekufa, Madame le juge. Kila siku naliwaza."

Akaandika.

Anarudi! Nafisa anarudi nyumbani kesho. Nisimfungie tena kamwe, na Madame Brigitte atakuja kutuona kwa miezi mitatu. Aje hata mwaka! Nilikaa kwenye ngazi za tribunal nikalia kama mtoto, Maître Régine akinipa karanga zake.

Jumamosi, 28 Juni

Yuko hapa. Amelala mchana wote. Nimekaa tu namwangalia. Sikufungua atelier.

Jumatano, 2 Julai

Madame Brigitte anakuja leo saa tisa, mara ya kwanza tangu Nafisa arudi. Nimefagia mara mbili. Nafisa amevaa nguo ya Idi, mwenyewe kataka.

Sasa hivi, nikiwa naandika, kaja kusimama hapa. "Papa, akiniuliza, niseme nini?"

Zamani ningemfundisha. Sema tunakula vizuri, sema Papa haniachi. Maneno yalikuwa mdomoni tayari.

"Sema vile iko."

"Hata kama usiku ninaogopa?"

Sikujua kwamba usiku anaogopa. Siku nne yuko hapa, sikujua.

"Hata hiyo. Mwambie yeye, na mimi nitakaa nisikie."

Ameniangalia sana, kama ananipima. Halafu kacheka, meno mawili hayapo.

Sauti ya Madame Brigitte uwanjani, anasalimia kwa Kasonde. Nafisa ameishatoka mbio, anamwita kwa jina, na mimi bado nina kalamu —