Kinachofuata Baada ya Nzuri

Mama,

Wale watoto wa Shenzhen wamefaulu. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Xiaolan na wenzake wawili, Bo na Jun, hatimaye wamekamilisha kile kifaa cha ukutani kinachotambua mzee akianguka nyumbani, kikamsemesha, kikaita msaada. Sasa kinaongea hata Kiswahili. Ni miezi tisa tangu tukuzike, na mimi bado ni mtu wao wa hapa Stockholm. Nilikaribia kuacha. Nitakueleza.

Unakumbuka Xiaolan alipokuja kwako Hässelby na viatu vya raba kwenye theluji? Ulimvua mwenyewe ukamvika soksi zako za sufu, ukamwekea chapati, ukaniambia mbele yake, "Huyu mtoto hana mtu wa kumpikia." Alipokutolea sampuli ya kwanza uliigeuza-geuza ukasema inafanana na kisahani cha sabuni. Nilimtafsiria nusu tu, kwa adabu. Wakati ule kifaa kilikuwa hakijui kumtofautisha mtu aliyeanguka na paka aliyeruka kutoka kwenye kochi, ndiyo maana sikukuwekea. Tena nilikuona bado kijana. Wewe ndiye uliyekuwa ukizunguka nyumba za wazee kuwaogesha na kuwapa dawa.

Mwezi wa nane nilisafiri hadi kwao. Mama, ungewapenda bure. Wanafanya kazi katika chumba kimoja juu ya duka la feni, meza zimejaa waya na vikombe vya chai. Hapa kwetu wazo likizaliwa linaitiwa mkutano, mkutano unazaa mkutano mwingine, halafu kila mtu anakwenda likizo. Kule, Jun aliona asubuhi kwamba kipande kimoja kinapata moto. Hakumwandikia mtu barua pepe. Alishuka ngazi, akavuka barabara hadi soko la vipuri, vibanda ghorofa juu ya ghorofa, na mama mmoja mwenye miwani akakitazama kile kipande mara moja, akainama chini ya meza, akatoa kingine. Kabla ya chakula cha mchana kilikuwa kimeshachomelewa na kinafanya kazi. Wakashangilia kidogo, wakala tambi, kisha wote watatu wakakunjua vitanda vya turubai kando ya meza zao wakalala. Ndiyo, wanalala mchana kazini, na hakuna anayeona haya. Nami nililala.

Na wanaanguka! Ili kuifundisha akili unde yao mtu akianguka inakuwaje, wanaanguka wenyewe kwa zamu: chali, kwa ubavu, polepole kama mtu anayeteleza ukutani. Viwiko vya Bo vimevilia damu. Xiaolan alilelewa na bibi yake, ambaye anaishi peke yake kijijini milimani na aliwahi kuanguka akabaki sakafuni jikoni tangu asubuhi mpaka mchana bila mtu kujua. Aliponisimulia habari hiyo hakulia. Alikuwa anakaza skrubu, akaendelea kukaza. Kuna watu hapa wanaopenda kusema vijana wa China wanaiga tu. Anayesema hivyo aje tubishane, nimewaona kwa macho yangu.

Kazi ya Kiswahili walinipa mimi. Niliandika maswali ambayo kifaa kitamuuliza mtu aliyeanguka, kisha nikayawekea majibu alama. Akisema "nisaidie," piga simu. Akinyamaza, piga simu. Akisema "nzuri," "salama," "mzima," mshukuru, mwache apumzike. Niliiona kazi rahisi. Nilijivuna hata.

Jumamosi moja ya Septemba tulikijaribu kwa Mzee Barasa kule Vårby gård, yule shemasi wa kanisani uliyekuwa ukimtania kwa suti zake. Alijilaza kwenye zulia na tai shingoni. Kifaa kikauliza, "Habari yako? Umeumia?" Mzee akajibu kutoka sakafuni, "Nzuri, nzuri kabisa, namshukuru Mungu. Na wewe je?"

"Asante. Siku njema," kikasema kifaa, kikazima taa yake.

Mkewe alicheka mpaka akashika meza. Mzee alikuwa bado amelala pale, anajitetea. "Sasa mtu amekusalimia, utaanza na kilio? Kwanza unaitikia, halafu ndiyo unasema yako." Nilicheka nao. Kisha nikaomba kwenda msalani, nikafungua bomba ili wasinisikie, nikalia.

Kwa sababu siku ile ya mwisho nilikupigia simu, Mama. Sijawahi kumwambia mtu. Ilikuwa asubuhi, niko stesheni ya Jakobsberg nangoja treni, na mazungumzo na Shenzhen yalikuwa yanaanza baada ya dakika chache. Nikakuuliza kama uko vizuri, kwa Kiswidi, kama kawaida yangu, "Mår du bra, mamma?" Ukasema, "Nzuri, mwanangu. Mzima." Ukavuta pumzi. Nilikusikia ukivuta pumzi. Nikasema basi vizuri, nitakupigia jioni, nikakata. Jirani alikukuta mchana.

Daktari alisema huenda moyo ulianza kukusumbua tangu asubuhi. Sikumuuliza kama kuwahi kungesaidia, na mpaka leo sijauliza. Nilijiambia nimetimiza wajibu: nimeuliza, nimejibiwa. Nimesoma shule za hapa, ambako mtu akisema *bra*, nzuri, basi ni *bra* na mazungumzo yamekwisha. Lakini nililelewa na wewe pia. Ulirudi kutoka kwa wazee wako mara ngapi ukisema, "Mtu mzima akikwambia yuko salama, vua koti ukae"? Nilijua. Hilo ndilo linalonichoma, kwamba nilijua.

Jumatatu nilimpigia Xiaolan nikamwambia naacha kazi. Akauliza kwa nini. Nikamweleza yote, na Kiingereza changu kikawa kinakatika-katika. Nikamwambia nina jumbe zako za sauti kwenye simu, za miaka, na karibu zote zinaanza na "nzuri" na shida inakuja baadaye. Wazichukue, wakaifundishe mashine yao, wala nisizisikie tena. Nadhani nilikuwa natafuta adhabu. Xiaolan akasema, "Sauti ya mama yako si kipuri. Kaa nayo. Sisi tutangoja."

Mama, hawa ni watu wasioweza kungoja lifti. Walingoja wiki tatu. Wawekezaji walikuwa wanawauliza Kiswahili kiko wapi, wakajibu kinakuja. Bo alikuwa ananitumia picha ya chakula chake kila siku, bila neno, mpaka nikaanza kumtumia yangu, na kwa hiyo ikabidi nile.

Nikakusikiliza. Nilikaa jikoni siku ya mapumziko, jua limeingia, nikafungua jumbe moja baada ya nyingine. "Nzuri mwanangu, mzima, Mungu ni mwema." Pumzi. "Ila hili goti." "Nzuri, salama tu." Pumzi. "Ila lifti imekufa tena, na mimi na mifuko yangu." "Nzuri, mama." Pumzi. "Ila nimekukumbuka." Huo wa mwisho niliujibu siku ile kwa kidole gumba tu, kile cha njano. Nimeona.

Nikachukua saa nikapima zile pumzi, kila moja. Sikuwapa sauti yako, Mama. Hiyo ni yangu. Niliwapelekea urefu wa pumzi zako peke yake, na maelezo ya kurasa mbili juu ya watu wetu na kuitikia salamu. Kesho yake asubuhi nilipoamka walikuwa wameshabadilisha kila kitu. Siku hizi mtu akisema "nzuri," kifaa hakizimi. Kinangoja. Kisha kinauliza, "Na mwili unasemaje?" Kinangoja tena. Xiaolan amekitia desturi hiyo hiyo kile cha Kichina pia, kwa sababu bibi yake naye hujibu kwanza kwamba hana shida yoyote. Bibi amelalamika kwamba mashine imekuwa mbea. Xiaolan anasema hiyo ndiyo sifa kubwa aliyowahi kupewa.

Wiki iliyopita tulirudi kwa Mzee Barasa. Akajilaza, akaulizwa, akaitikia, "Nzuri, namshukuru Mungu." Kimya. Alinitazama kama anauliza kama kimeharibika. Kifaa kikasema, "Na mwili unasemaje?" Mzee akaangalia dari. "Aa, mwili," akasema. "Nikipanda ngazi kifua kinabana. Tangu kiangazi." Safari hii mkewe hakucheka, maana ndiyo kwanza anasikia. Alimnyanyua pale chini na Jumatatu akampeleka kituo cha afya. Ameanzishiwa dawa, na wanaendelea kumpima. Nilipowasimulia Shenzhen, Jun aliondoka mbele ya kamera akarudi macho mekundu, akasema ni moshi wa kuchomelea.

Sisemi kwamba hilo linafuta lile. Halifuti. Lakini sijaacha kazi, na Mungu akipenda mwakani narudi kwao tukaanze Kisomali.

Nakuaga, Mama, kwa kuwa barua lazima iishe mahali. Kaburi lako ni safi, nilikuwashia taa siku ya Watakatifu Wote kama wafanyavyo wa hapa, na nilikuombea kwa Kiswahili, unisamehe makosa. Nakuahidi hivi: mtu akiniambia nzuri, nitakaa. Treni iondoke, mkutano uanze bila mimi.

Habari yako, Mama? Najua, nzuri.

Sema sasa. Nina muda.

Mwanao,
Wakesho