Hoa na Vikaragosi vya Majini

Jumatatu, 1 Julai 2019

Jeddah! Familia nzima imeshuka kutoka Riyadh kwa likizo, na sisi wafanyakazi pia. Joto la huku lina unyevu, nguo hazikauki. Lakini dirisha la jikoni linatazama bahari. Kule Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, nilikuwa naosha vyombo nikitazama ukuta. Asante Mungu.

Hoa, mwenzangu wa kazi, hajala tena. Tangu aletwe kutoka Vietnam mwezi wa Ramadhani tunalala chumba kimoja, na sijui hata sauti yake. Kiarabu mafi, Kiingereza mafi, hana hata neno. Nikimpakulia chapati anatabasamu, anasukuma sahani. Anakonda huku namwona.

Jumanne, 2 Julai

Madam amesema halas, basi imetosha. Jumapili gari la ofisi ya wafanyakazi wa ndani litakuja kumchukua Hoa, tuletewe mwingine. Eti hacheki, bintiye Nouf anamwogopa. Nouf ana miaka mitano, anaogopa hata blenda!

Ofisi hiyo naijua. Nyumba yangu ya kwanza ilinirudisha pale. Unalala sakafuni ukingoja kuchaguliwa, na anayekuchagua humjui. Mimi nilibahatika kupata madam huyu. Hoa je?

Jumatano, 3 Julai

Nimemsikia madam akimweleza dadake kwenye simu: kesho kuna maonyesho, vikaragosi vinacheza juu ya maji, vimetoka Vietnam. Vietnam! Nusura niangushe trei.

Hoa alikuwa abaki nyumbani. Nikamwambia madam mgongo unaniuma, siwezi kumbeba Nouf peke yangu. Uongo mtupu. Mgongo huu ni wa kwetu Ahero, umelelewa kwenye mashamba ya mpunga. Madam akakubali. Haya, Lorine, naye aje. Mungu ambariki mama huyu.

Alhamisi, 4 Julai

Nianzie wapi!

Badala ya jukwaa kuna bwawa. Nyuma yake pazia, hakuna mtu. Mara ngoma zikalia, joka la mbao likaibuka majini likitema moshi! Nouf akanirukia. Hata mimi nilitafuta wa kumrukia.

Kisha wakatoka wanawake wadogo wa mbao. Wameinama, wanarudi kinyumenyume, wanachomeka miche. Mpunga! Vile vile kama mama na sisi kule Ahero. Vidole vyangu vikaanza vyenyewe hewani — chomeka, rudi, chomeka. Hoa akaviona. Akanitazama usoni. Akainua mkono wake, naye akachomeka, kidole gumba kikisindilia tope kama changu. Miezi hii yote chumba kimoja, kumbe sote ni watoto wa tope! Tulicheka, tukalia. Madam alidhani tumerogwa.

Mwishoni pazia likainuliwa. Kumbe wachezaji walikuwa nyuma yake muda wote, maji hadi kiunoni! Watu wakapiga makofi. Hoa akasimama, akaita kwa lugha yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mama mmoja aliyelowa akamjibu, wenzake wakaangua kicheko, wakampungia.

Madam akageuka: kumbe huyu ana sauti?

Ijumaa, 5 Julai

Hoa amekula! Amepika samaki kwa namna yao, akanipakulia mimi kwanza. Tamu, ingawa pilipili nusura initoe roho. Nouf anadai joka, basi Hoa amemtengenezea la karatasi ya foili, wamelicheza kwenye beseni. Bafu zima maji. Nimepiga deki nikiimba.

Madam amesimama mlangoni akiwatazama. Kuhusu Jumapili hajasema neno. Siulizi.

Jumapili, 7 Julai

Gari la ofisi liko nje. Linapiga honi.

Begi la Hoa liko mlangoni. Madam alimweleza Jumanne kwa simu yake inayotafsiri, na jana Hoa alilifunga mwenyewe, bila kelele. Sasa yuko bafuni na Nouf. Nasikia maji. Nasikia kicheko, na si cha Nouf peke yake.

Naandika nimeegemea mashine ya kufulia. Ee Mungu, umenipa mengi, niongezee hili.

Madam ametoka chumbani. Amevaa abaya yake ya kutokea nje. Amelitazama begi. Honi tena. Amelisukuma kwa mguu — ndani, si nje! Sasa anafungua mlango —