Nyota Moja kwa Maman Odile

Alhamisi. Mvua imenyesha Bukavu tangu alfajiri, njia za Kadutu ni matope matupu, na mimi nimeamka na furaha mbaya.

Naiita mbaya kwa sababu najua inatoka wapi.

Kazi yangu ni kupitisha maoni ya wateja kwenye duka moja la mtandaoni. Mtu akinunua kitu, anaandika neno na kubonyeza nyota, kuanzia moja hadi tano. Mimi nasoma kabla maoni hayajaonekana. Matusi natoa, uongo natoa. Lakini nusu ya siku yangu inaliwa na kosa moja ambalo sidhani liko kwingine: wateja wetu wakifurahi, wanabonyeza nyota moja. Shuleni tumekua tukijua wa kwanza ndiye bora, na wa tano ametanguliwa na wanne. Kwa hiyo mama wa kijiji cha Miti ambaye gauni limemkaa vizuri anaandika "Uko premier, maman, Mungu akubariki," halafu anatoa nyota moja, na moyo wake mweupe kabisa.

Hapo mimi hupiga simu. Namuuliza mteja, ulitaka kusifu au kulaumu? Akisema kusifu, nazifanya tano. Ni dakika mbili tu.

Kwa wateja wa Maman Odile sijapiga simu hata moja. Huu ni mwezi wa pili.

Maman Odile anauza kwetu magauni ya kitenge anayoyashona mwenyewe, na anashona vizuri, siwezi kumnyima hilo. Angekuwa mama mkwe wangu. Mahari ilikuwa imepokelewa nyumbani, padri akaanza kutangaza jina langu na la mwanawe Pascal kanisani, Jumapili tatu kama kawaida, ili mwenye kujua kizuizi cha ndoa aseme. Jumapili ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Katikati ya wiki Maman Odile akaenda kwa padri akasema nina mume wa kimila kule Nyangezi, na mtoto.

Jumapili ya tatu majina yetu hayakusomwa.

Mtoto yupo. Anaitwa Neema, ni wa dada yangu aliyefariki, analelewa na mama yangu huko Nyangezi. Ananiita mama, kwa sababu kwetu dada wa mama ni mama. Nilieleza hayo hadi sauti ikanikauka. Padri alinisikiliza, lakini Pascal alikuwa ameshamsikiliza mama yake. Mwaka jana alioa. Watu wa parokia bado wananiuliza bwana wa Nyangezi hajambo.

Basi maoni ya Maman Odile yalipoanza kufika kwangu, yote sifa, karibu yote nyota moja, nikayapitisha kama yalivyo. Sikuongeza neno wala sikupunguza. Ndivyo nilivyojidanganya wiki ya kwanza. Wiki ya pili niliacha kujidanganya, nikawa nafika kazini kabla ya wenzangu. Nilitaka aone jina lake likishuka mbele ya watu na asijue amekosa nini.

Jumatatu mashine ya duka yenyewe ikamtumia onyo. Muuzaji mwenye wastani wa nyota chini ya mbili anaondolewa, na aliyeondolewa harudi. Siku yake ni Jumamosi hii. Jioni hiyo nilinunua sambaza, zile samaki ndogo za ziwani, nikazikaanga, nikala peke yangu kwa raha.

Leo saa sita simu ya wauzaji ikalia. Alikuwa yeye. Hakunitambua, maana zamani mbele yake nilikuwa naongea kwa sauti ya chini, macho sakafuni, kama mchumba anavyotakiwa. Alikuwa analia. Alisema magoti hayamruhusu tena kupanda vilima na mzigo wa nguo, siku hizi anaishi kwa wateja wa mtandao tu.

"Mutoto yangu, unisaidie. Batu banaandika mazuri, lakini nyota iko moja tu. Nilikosea wapi?"

Nilitaka kucheka. Nikamweleza kosa lenyewe taratibu, na kwamba linarekebishika. Akamshukuru Mungu, akanishukuru mimi, akaomba jina langu ili aniombee misa.

Nikamwambia, Nsimire. Nikaongeza na jina la baba, asije akasema tuko wengi.

Nikamsikia akimwambia mtu asimamishe cherehani.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, au kwa visingizio. Nadhani nilitamani visingizio: aseme alidanganywa na watu, nami nimsamehe kwa dharau.

"Nsimire, unisamehe. Nilikuwa najua ule mutoto iko wa dada yako. Nilijua mbele ya kwenda kwa padri. Nilikuwa nataka Pascal aoe mutoto wa rafiki yangu, ni ile tu."

Ni ile tu.

Miaka miwili nimemchukia mwanamke mjinga mwenye mdomo. Kumbe hakuwa mjinga. Alikaa, akapanga, akachagua siku.

Nikamwambia ninachotaka. Jumapili hii, wakati wa matangazo, asimame mbele ya watu wote aseme aliyoniambia. Jumatatu asubuhi nitawapigia wateja wake mmoja mmoja, na nyota zitakuwa tano.

"Ntasema," akajibu haraka. "Mbele ya bote ntasema. Lakini bananiondoa Jumamosi!"

"Najua, maman."

Nikakata simu. Nikaendelea na maoni ya wauzaji wengine mpaka saa ya kutoka kazini.

Ni hapa nyumbani, nikimenya viazi, ndipo nimeona nilichofanya. Mtu ambaye hana tena duka la kuokoa, ni nini kitamsimamisha kanisani Jumapili? Ningewapigia wateja wake leo, angesimama akiwa na deni kwangu, na jina langu lingesafishwa na kinywa kilekile kilicholichafua. Na bado kuna kesho. Simu ninayo, namba za wateja ninazo, kazi yenyewe ni ya asubuhi moja.

Nimeacha viazi, nimekaa, najiuliza ninataka nini zaidi: jina langu au Jumamosi.

Jumamosi. Mungu anisamehe, nataka Jumamosi.