Wamefunika Vioo Vyako, Tata Louis

Mwaka umetimia wiki hii, Tata Louis Tshiamala, baba yetu, tangu tulipokuzika hapa Kolwezi, na tunakuandikia tukiwa na hasira. Utusamehe. Wewe mwenyewe hukuwa mpole mtu alipoharibu kazi.

Wasiokujua tuwaambie kidogo. Ulikuwa fundi mwashi wa mgodi kwa miaka thelathini na mmoja, kisha ukastaafu, ukahamia kanisani na ngazi yako. Kanisa la Mtakatifu Odilo, pale Manika, babu yako ndiye aliyelifyatulia matofali, yeye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Ulilipenda mpaka Mama akawa anakuuliza kama umelioa. Ulicheka, ukaomba chai, ukarudi huko huko.

Kila mwezi wa tano, mvua zikishaisha, ulilizunguka ukigonga tofali moja moja kwa mpini wa mwiko wako wa uashi na kusikiliza. Penye sauti mbovu ulitia alama ya chaki, kisha ukajaza kwa chokaa na mchanga. Saruji hukutaka hata kuisikia.

"Ukuta inapumuaka, batoto," ulituambia. "Mukiifunga na simenti, itaoza mu ndani, na inje mutaona tu buzuri."

Halafu ule ufa juu ya benchi za kwaya, uliojitokeza tangu malori ya madini yaanze kupita na vijana waanze kuchimba jirani. Ulibandika vipande vitatu vya kioo juu yake, ukaandika tarehe kwa penseli. Uliviita mashahidi. Kioo kikivunjika, ukuta umesogea, watu watoke. Kila Jumapili kabla ya misa ulipanda kuviangalia, na suti yako ya Jumapili ikarudi na vumbi magotini, Mama akigomba. Yote uliyaandika katika daftari moja: nini kifanywe mwaka huu, nini baada ya miaka mitano, nini baada ya arobaini, sisi wengi tukiwa hatupo.

Siku ya kumaliza matanga tuligawa vitu vyako, kama ilivyo desturi yetu. Kati yetu watoto, Hénock alipewa koti, Gloire mwiko. Daftari tulimpa Tata Godefroid Kankolongo, rafiki yako tangu utotoni na mwenyekiti wa kamati ya kanisa. Alilipokea kwa mikono miwili, akalia, akaapa mbele ya watu kwamba atalifuata neno kwa neno. Tulimwamini. Hatukubaki hata na nakala.

Mwezi wa nane, kwa ajili ya yubile ya kanisa, kamati ilipiga kanisa zima plasta na rangi ya krimu, ndani na nje. Mashahidi wako wamo humo chini. Godefroid alituambia ni chokaa, kama ulivyoagiza. Mlangoni wakaweka kibao cha marumaru: "Kazi hii imefanywa kwa mpango wa Tata Louis Tshiamala." Tulipiga makofi, Tata! Mama ndiye aliyekata utepe.

Mvua ya kwanza iliponyesha, rangi ikafura malengelenge. Gloire akakwangua kwa mwiko wako, akakuta saruji tupu. Mama akaenda kwa Godefroid kuliomba daftari. Kitu kilichotolewa kwenye matanga hakidaiwi tena, ni aibu, tunajua. Mama aliimeza aibu hiyo. Godefroid hakumpa daftari wala kiti.

"Mama Laurentine, yubile ilikuwa karibu, na chokaa inakawiaka kukauka, tungefanya nini? Batu banapenda kanisa yenye kungala. Na jina ya Louis tulitia pa mulango. Munataka nini tena?"

Mtu huyu alikula kwetu miaka arobaini. Alikusaliti ukiwa huwezi kumjibu, kisha akabandika jina lako juu ya kazi uliyoikataa maisha yako yote. Imetuuma kuliko siku tuliyokuzika, na hatuoni haya kusema hivyo.

Kwaya ina watu ishirini na wawili, na wote wamekuwa wakikaa chini ya ufa ule. Leo hakuna anayeweza kusema kama ukuta umesogea. Tumewaomba wahamie upande wa pili, wamekubali. Kuanzia Jumapili hii benchi zile tutazikalia sisi, Mama akiwa wa kwanza, mpaka kamati ibandue plasta juu ya ufa au iondoe jina lako mlangoni. Wanasema ni kazi yako. Basi ikianguka, ituangukie sisi wenye jina hilo.

Tunaokukumbuka: mkeo Laurentine Mushiya, watoto wako Hénock, Adèle na Gloire, na wajukuu wote, dada yako Honorine aliyeko Sandoa, wadogo zako Beya na Mulumba wa Lubudi.

Hutatutoka moyoni kamwe, Tata. Na hatutainuka.